Uso Uliopotea Gizani

Desemba iliyopita, nikiwa Kibaoni, bibi alishika simu yangu kwa mikono miwili akimtafuta kitukuu wake. Video ilirekodiwa Mpanda mjini usiku umeme ukiwa umekatika, mtoto amepakatwa kando ya taa ya sola. Ilipotufikia ilikuwa imeshabanwa ili iwe nyepesi kutuma. "Namsikia analia," bibi alisema. "Lakini uso mbona siuoni, mjukuu wangu?"

Niliporudi chuoni niliilinganisha na faili la awali kwa kutumia SSIM, kipimo ninachokisomea. Alama ikatoka nzuri. Ndipo nikaisoma upya makala iliyokizaa, ya Zhou Wang, Alan Bovik, Hamid Sheikh na Eero Simoncelli, iliyotoka 2004.

Ni makala ninayoiheshimu. Inaonyesha picha ya mashua iliyoharibiwa kwa njia mbalimbali: moja imefifishwa, nyingine imejaa vitone, nyingine imeongezwa mwanga tu. Kwa hesabu ya zamani ya kujumlisha makosa ya kila pikseli, zote zina kosa sawa. Kwa macho, hazilingani hata kidogo. Hoja yao ni kwamba jicho halihesabu makosa, linatafuta muundo. Kwa hiyo SSIM hupitisha juu ya picha kidirisha cha pikseli 11 kwa 11, hulinganisha mwanga, utofauti wake na muundo, kisha huchukua wastani. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Emmy ya uhandisi, na ilistahili.

Tatizo limo katika namba mbili ndogo. Fomula hugawanya, na penye giza kigawanyo hukaribia sifuri. Ili hesabu isiyumbe, waandishi huongeza namba juu na chini ya mstari wa kugawanya. Wanakiri kwamba thamani zake ni za kukisia kwa kiasi fulani, na kwamba katika majaribio yao kuzibadili hakukuleta tofauti kubwa. Lakini shavu la mtoto mweusi katika mwanga hafifu lina tofauti ndogo mno za mwanga. Hapo namba ya nyongeza huzidi kilichomo kwenye picha, juu na chini hulingana, na jibu huwa karibu 1. Pua imefutika, fomula inasema salama.

Waliowapima watazamaji waliwaomba wazipe picha alama, kuanzia mbaya hadi bora sana. Hakuna kati yao aliyekuwa akimtafuta mtu wake. Makala yenyewe inataja kwamba sehemu fulani za picha zinaweza kupewa uzito zaidi, kisha inapita. Kilichozoeleka ni wastani ambao ukuta mtupu na uso wa mtoto vina thamani ileile.

Bibi hakuuliza kuhusu ubora. Alitaka kujua mtoto kafanana na nani. Kesho yake shangazi alituma picha ya mchana, na bibi akatamka jina la babu kabla hata sijamwekea simu vizuri.

Kipimo kinachodai kuona kama binadamu hakina budi kuanza na swali hilo: mtazamaji anatafuta nini? Kisipouliza, kitaendelea kutoa alama nzuri kwa video ambazo wenyewe hawawaoni watu wao.