Bibi Lutie Stearns na Masanduku Yake ya Vitabu

Kila atajwapo Bibi Lutie Stearns, wa jimbo la Wisconsin huko Marekani, wamsifuo hutangulia kuhesabu: maktaba zipatazo 150 alizosaidia kuzianzisha, na makusanyo 1,400 ya vitabu vya kusafirishwa. Hesabu hizo ni kubwa, wala hatukusudii kuzipunguza. Lakini twaona zamficha mwenyewe. Zamfanya kuwa mgawaji wa vitabu tu, na miaka aliyotumia kutetea haki ya wanawake kupiga kura huongezwa mwishoni kama mkia. Sisi twafikiri kazi hizo mbili zafaa kusomwa pamoja, maana ile ya pili yaihoji ile ya kwanza.

Alizaliwa mwaka 1866 katika Massachusetts, akaletwa Milwaukee angali mtoto. Mji huo u kando ya ziwa Michigan, na siku zile ulijaa wageni waliotoka Ujerumani, na viwanda vya bia. Msomaji na aikumbuke habari hiyo ya bia, maana tutairudia. Akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1886, akapewa darasa lenye watoto wengi na vitabu haba. Basi alitwaa kikapu cha sokoni, akawachukua wavulana wenye nguvu, wakaenda maktaba ya mji na kurudi wamebeba vitabu vya wenzao. Kwa walimu wasomao habari hii hapana haja ya kueleza zaidi. Wakuu wa maktaba walimwona, na mwaka 1888 wakamchukua aisimamie kazi ya kuazimisha vitabu.

Wakati ule maktaba nyingi za Marekani zilimfungia mtoto mlango. Moja ilitaka awe ametimiza miaka 12, nyingine 14, nyingine hata 16, kana kwamba hamu ya kusoma humjia mtu pamoja na ndevu. Bibi Stearns aliandika barua za kuuliza, maktaba 145 zikajibu, na mwaka 1894 akatoa taarifa mbele ya mkutano wa watunza maktaba uliokutana Lake Placid. Alidai kizuizi cha umri kiondolewe, na watoto wapewe chumba chao wenyewe na mtu wa kuwaongoza. Kwa maoni yetu, taarifa hiyo ni maandishi bora kuliko mengine yake. Haina mapambo. Yawaacha wenye maktaba wahukumiwe kwa majibu yao wenyewe, na mtu aliyefunga mlango aona aibu akisikia sababu zake zikisomwa karibu na sababu za jirani yake.

Naye alikuwa na kigugumizi. Wengine hulipita neno hili upesi, na wengine hulifanya kuwa muujiza. Sisi twaona maana yake ni nyepesi, tena ni kubwa zaidi: alichagua kazi iliyomlazimu kusema mbele za watu, akaishika maisha yake yote, hata akawa mhutubu aliyeitwa huku na huku.

Mwaka 1895, yeye na mwenzake Frank Hutchins walisaidia kupatikana kwa sheria iliyounda Tume ya Maktaba ya Wisconsin. Jimbo liliipa tume hiyo dola 500 kwa mwaka. Hutchins na Stearns walianza wakijitolea. Mwaka uliofuata James Stout, mjumbe katika Baraza la jimbo, tajiri ambaye mali yake ilitokana na mbao za misitu ya pande zile, alitoa fedha za masanduku ya kwanza kwa ajili ya wilaya yake ya Dunn. Fikiri sanduku la mbao imara, lenye vitabu 30 hivi. Lilipelekwa penye posta ndogo, au duka la njia panda, au nyumba ya mkulima mmoja aliyekubali kulitunza. Majirani waliazima, wakasoma, wakarudisha. Baada ya miezi kadha sanduku lilihamishwa kwenda kijiji kingine, na lingine likaja mahali pake. Baadaye yalikuwako hata masanduku ya vitabu vya Kijerumani na vya lugha nyingine za wageni. Bibi Stearns alizunguka jimbo lote kwa garimoshi, na kwa gari la farasi, na wakati wa baridi kwa gari la kuteleza juu ya theluji, akiwashawishi watu wa kila kijiji waanzishe maktaba yao wenyewe kwa kodi yao wenyewe.

Haya yote ni mema. Lakini ni nani aliyechagua vile vitabu 30? Si mkulima, wala si mkewe aliyevisoma usiku baada ya kukamua ng'ombe. Vilichaguliwa na wajuzi, mbali na shamba. Watunza maktaba wa nyakati zile, naye Bibi Stearns miongoni mwao, waliziogopa sana hadithi za bei nafuu za wezi na wapiga bunduki, wakaona dawa yake ni kumpa msomaji kitabu kizuri kilichokwisha kupimwa. Hatuwacheki. Fedha zilikuwa haba, na mwenye nafasi ya vitabu 30 tu hana budi kuacha vingi. Hata hivyo, kumlinda mtu si sawa na kumwamini.

Na sasa twaifikia kura. Tangu mwaka 1886 wanawake wa Wisconsin walikuwa wameruhusiwa kupiga kura katika mambo ya shule. Olympia Brown, mwanamke aliyekuwa mchungaji wa kanisa katika Racine, alijaribu kuitumia ruhusa hiyo katika uchaguzi wa mji, akakataliwa, akaenda mahakamani. Na mwaka 1888 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kinyume chake. Ilibidi kungoja hata Novemba 1912, wanaume wa jimbo walipoulizwa kama wanawake wapewe kura kamili. Swali hilo liliandikwa katika karatasi ya peke yake, yenye rangi ya waridi. Wenye viwanda vya bia walipinga kwa nguvu, wakiogopa kwamba wanawake wakipata kura watapiga marufuku pombe. Waliosema ndiyo walipata 135,000, waliosema hapana 227,000.

Tuitazame tarehe hiyo. Masanduku yalikuwa yamezunguka kwa miaka 16. Baadhi ya waliosema hapana bila shaka walikuwa wamesoma vitabu vyake. Basi kusoma peke yake hakukuwafundisha kumhesabu mwanamke kuwa mwenye shauri. Mwaka 1914 Bibi Stearns aliiacha Tume, akawa mhutubu wa kujitegemea, akitetea kura ya wanawake, na amani, na mambo mengine ya umma. Wako waonao kwamba aliiacha kazi yake njema akaingia siasa. Sisi hatukubali. Hoja aliyokwenda kupigana nayo ni ile iliyowazuia watoto mlangoni pa maktaba: kwamba fulani hajui bado, kwa hiyo na achaguliwe. Aliikanusha juu ya mtoto, akaikanusha juu ya mwanamke. Ndani ya sanduku peke yake aliiacha ikae, na hapo ndipo twamlaumu, maana kumwuliza mkulima apenda kusoma nini hakungaliongeza gharama kubwa.

Tarehe 10 Juni 1919 Wisconsin iliridhia Badiliko la 19 la Katiba. David James, mjumbe wa zamani na baba yake Ada James aliyekuwa mmoja wa viongozi wa madai hayo, alitumwa kupeleka hati Washington mbio, na jimbo lililoshindwa vibaya mwaka 1912 likahesabiwa kuwa la kwanza. Mwaka 1920 badiliko hilo likawa sheria ya nchi nzima. Bibi Stearns alikuwa na miaka zaidi ya 50.

Kuanzia mwaka 1932 hata 1935 aliandika katika gazeti la Milwaukee Journal, chini ya kichwa chenye maana ya "Kama Mwanamke Aonavyo". Hapo hakumchagulia mtu kitabu. Alisema aliyoyaona, na msomaji aliyechukizwa aliweza kulifunua gazeti ukurasa wa pili. Alifariki siku ya Krismasi, mwaka 1943.