Siku ya Pili Uhuru Park

Historia inaikumbuka Uhuru Park ya Nairobi kwa siku zake kubwa: ilipofunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969, Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 mwaka 1989, akina mama walipogoma kula mwaka 1992 wakidai wana wao waachiliwe gerezani, katiba mpya ilipotangazwa Agosti 27, 2010.

Siku inayofuata ni ya wenye fagio na toroli. Umati ukiondoka hubaki chupa, maganda ya karanga, kandambili za mguu mmoja, na nyasi zilizolala kama mkeka. Kuokota ndiyo kazi nyepesi. Udongo uliokanyagwa na maelfu hushikana hadi maji ya mvua yanateleza juu bila kuzama. Hapo hutobolewa kwa jembe la meno, hatua baada ya hatua, mgongo umepinda; kisha vipande vya nyasi huchomekwa kwa mkono na kumwagiliwa mpaka vishike. Vikishashika tu, mkutano mwingine huo! Bwawani nako kuna mifuko iliyopeperushwa ya kuopoa.

Jukwaani, kabla ya kushuka, viongozi huwashukuru polisi, waandaaji na waandishi wa habari.