Jembe la Siku ya Tatu

Diani haina uhaba wa neno karibu. Liko kwenye mageti ya hoteli, kwenye vibao vya maduka ya vinyago, kwenye leso na fulana zinazoning'inizwa kando ya barabara ya ufuoni. Wapo watu wanaolipwa mshahara kwa kulitamka. Kwa hiyo anayetaka kujua vijana wa pwani ya kusini wanapokeana vipi asipoteze wakati kusikiliza nani kasema karibu. Aende uwanjani saa kumi na nusu jioni, amtafute kijana aliyesimama nyuma ya goli na viatu mkononi, kisha atazame ni nani atakayemwendea na atamwambia nini.

Kumwendea yule kijana ni ufundi. Naupenda ufundi huu kwa sababu hauna cheti wala kombe, na wengi wanaoujua hawajui kama wanaujua. Redioni tunasikia sifa za mfungaji, mara moja moja za kocha. Katibu wa klabu anayeingiza vijana wapya kila msimu, nao wakabaki, hatajwi popote. Na klabu za mitaani hazifi kwa kufungwa mabao. Hufa kwa sababu waliozianzisha wakiwa na miaka kumi na minane sasa wamefika thelathini, huyu ameoa, yule ana bodaboda, mwingine yuko Saudia kikazi, na nyuma yao hakuna aliyeingia.

Swali la kwanza ndilo gumu kuliko yote. Kwetu mgeni huulizwa jina, kisha wa nani, kisha kwao wapi. Mzee akiuliza hivyo barazani ni heshima: anatafuta uzi wa udugu, na mara nyingi anaupata. Lakini uwanjani Ukunda, mji ulio jirani na ufuo wa Diani, swali lile lile linabadilika uzito. Ukunda ni mji uliokuzwa na waliokuja. Wadigo ni wenyeji, Waduruma wameshuka kutoka Kinango, Wakamba wako Shimba Hills tangu zamani, na hoteli zimevuta watu kutoka kila pembe ya Kenya. Ukiteremka kuelekea Msambweni, Shimoni na Vanga unawakuta Wasegeju, Wavumba, Wapemba wa uvuvi, na Wamakonde ambao babu zao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Tena kuna kumbukumbu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika ghasia zilizofuata, zilizoshuka hadi Kwale, watu walioitwa wa bara waliuawa na maelfu wakakimbia makwao. Kijana wa leo hakuwa amezaliwa, lakini mama yake alikuwepo. Ukimuuliza "kwenu wapi?" kabla hajagusa mpira, anasikia zaidi ya ulichouliza.

Fundi haulizi hivyo. Anauliza: "Unacheza namba ngapi?"

Sijui swali zuri kuliko hilo. Linamchukulia kijana kwamba ameshaingia, kilichobaki ni kujua asimame wapi. Akijibu tatu, au saba, au akisema kwa aibu kwamba popote, tayari anajulikana kwa kitu anachokifanya. Habari za baba na kijiji zitakuja zenyewe, wiki ya pili au ya tatu, watu wakiwa wamekaa chini wanakunywa maji, na wakati huo hazimpimi mtu.

Kuna vikundi visivyo vya mpira ambavyo havina namba za kuulizia. Cha maigizo, cha ngoma, cha kuweka na kukopa, cha kusafisha ufuo. Huko ufundi unataka ubunifu zaidi, lakini njia ni ile ile: uliza juu ya mikono, usiulize juu ya asili. Unaweza kupiga ngoma? Una mwandiko mzuri? Unajua kuogelea? Unaweza kutupikia siku ya kazi?

Karatasi nazo zinaweza kumfukuza mtu bila yeyote kukusudia. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, na orodha ya wanachama huenda pamoja na namba za vitambulisho. Kwa wengi hilo ni jambo dogo. Msambweni si dogo. Wamakonde waliishi Kwale kwa miongo mingi bila uraia, hadi Oktoba 2016 walipoanza safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao. Mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba walisubiri hadi 2023. Bado wapo vijana ambao makaratasi yao yanazunguka ofisini, na wapo wengi zaidi ambao hawajatimiza miaka kumi na minane. Katibu asiye na ufundi hupitisha fomu mkutanoni kutoka mkono hadi mkono, na kila mtu anaona nani ameipitisha bila kujaza. Katibu fundi hukusanya namba faraghani, mmoja mmoja, na kwanza anakuwa na daftari lake mwenyewe la kurasa za mistari, ambamo jina na namba ya simu vinatosha kumfanya mtu awe mwanachama. Fomu ya serikali ina watu wake kumi. Daftari lina watu wote.

Kwa wasichana kazi huanzia mbali na uwanja. Shirika la Moving the Goalposts, lililoanzia Kilifi mwaka 2001 kwa mpira wa wasichana na ambalo sasa linafanya kazi Kwale pia, limefundisha pwani nzima jambo ambalo wanaume wengi wa klabu bado hawajalikubali: msichana haji peke yake, anakuja na ruhusa. Ruhusa inatafutwa nyumbani. Mtu anakwenda, anapiga hodi, anamwamkia mama shikamoo, anakaa alipoonyeshwa, anakunywa chai aliyopewa hata kama ni saa saba mchana na jua limewaka. Hataji mpira haraka. Akiutaja, anataja na saa ya kurudi, nani atawasindikiza, na watavaa nini. Suruali ndefu chini ya bukta, mtandio uliofungwa ukakazwa: hayo yakisemwa mapema, nusu ya ubishi umekwisha. Kisha, na hapa ndipo ninapovua kofia, ile saa iliyotajwa inatimizwa. Msichana anarudi kabla ya magharibi. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, mwezi mzima. Hakuna hotuba juu ya haki za mtoto wa kike inayomshinda binti aliyefika nyumbani saa aliyosema, akachota maji yake kama kawaida.

Kalenda pia ni mlango. Klabu yenye Waislamu na Wakristo haiwezi kupanga mechi saa saba Ijumaa, wala kufanya kila mkutano Jumapili asubuhi, halafu ikashangaa kwamba upande mmoja hauonekani. Ramadhani inavuruga ratiba zote, na klabu nzuri huiacha ivuruge: mazoezi yanapunguzwa au yanasogezwa hadi baada ya futari. Nimependezwa zaidi na pale mgeni asiyefunga anapokaribishwa futari, akakalishwa penye tambi na viazi karai, bila mtu kumfanyia maelezo marefu. Jirani yake anamsogezea sahani tu.

Sasa siku ya tatu. Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wengi huitumia kumsuta mtu aliyekaa mno. Mimi naisoma kwa upande wa mgeni. Siku mbili za kukaa ukihudumiwa ni raha. Ya tatu inaanza kuwa adhabu, kwa sababu hujui mikono uiweke wapi. Jembe linakuokoa. Klabu nyingi hupoteza watu hapo hapo: siku ya kwanza kelele na makofi, ya pili salamu, ya tatu mgeni anakuta wenzake wote wana la kufanya isipokuwa yeye. Ya nne haji. Na hakuna anayeuliza, kwa kuwa hakuna kilichoharibika kwa kutokuwepo kwake.

Jembe zuri lina sifa zake. Liwe kazi ya kweli, ambayo isipofanywa wengine watakwama. Lisihitaji ujuzi wa miaka. Lifanywe na wawili, ili mazungumzo yaje bila kulazimishwa. Kupampu mipira na kuihesabu kabla na baada ya mazoezi kunafaa. Kuandika mahudhurio kunafaa sana, maana anayeandika mahudhurio hulazimika kujua majina yote kwa siku chache. Wasichana wa Moving the Goalposts huenda mbali zaidi: wanafunzwa uamuzi, ukocha na huduma ya kwanza, kwa hiyo asiyejua kupiga chenga bado anaweza kuwa na filimbi au sanduku la dawa. Kule Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 kiliamua kwamba timu ipate pointi kwenye ligi kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro. Hebu fikiria maana yake kwa mchezaji dhaifu: anaweza kuisaidia timu yake kupanda jedwalini kwa koleo.

Lakini kama nikiulizwa jembe ninalolipenda zaidi ni lipi, nitasema ni mche wa mkoko. Gazi na Makongeni, wilaya ya zamani ya Msambweni, wanajamii wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo; fedha zimekwenda kwenye maji na shule, na mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hayo yanajulikana. Mimi natazama kitu kidogo: siku ya kupanda, bahari ndiyo inayopanga saa, hivyo mwenyeji na mgeni wote wanangoja maji yapwe. Kisha wote wanaingia matopeni. Tope la mikoko halina mkubwa. Mwenyekiti anazama hadi magotini, ndala zinabaki chini, watu wanashikana mikono kutoka, na kicheko kinachotoka hapo hakimlengi mtu. Mmoja anatoboa shimo, mwingine anatia mche. Baada ya saa mbili maji yanaanza kujaa na kazi imekwisha kwa lazima, hakuna wa kuongeza hotuba. Mgeni anaondoka akiwa na mstari wake wa miche ambao mwezi ujao atataka kuuangalia, na sababu ya kurudi amejipandia mwenyewe.

Sheria za ndani nazo zina wakati wake. Anayeingia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani, ambao ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, hufungwa kwanza kaniki kiunoni na kuelezwa yasiyofaa ndani. Anaelezwa akiwa nje, kabla hajakosea. Klabu nyingi hufanya kinyume: mgeni anagundua sheria siku anapoivunja, mbele za watu, na faini juu. Dakika tano za kunong'ona pembeni, hapa hatutukani, hapa anayechelewa anazunguka uwanja, kocha anaitwa mwalimu, zingemwepusha na aibu hiyo.

Na utani? Siwezi kuuacha. Klabu isiyo na majina ya utani sijawahi kuiona pwani hii. Jina la utani linaweza kumwingiza mtu ndani kuliko fulana ya timu, mradi limetokana na alichokifanya uwanjani. Likitokana na rangi yake, kabila lake, kigugumizi chake au umaskini wa viatu vyake, ni jiwe. Fundi husikia jina baya likianza kushika, naye hulizima kwa kumpa mgeni jingine tamu zaidi kabla ya jioni kuisha. Hilo nalo ni kipaji.

Wakati mwingine hata kanuni ya mchezo hubadilishwa kwa ajili ya mgeni. Medellín, Colombia, baada ya mchezaji Andrés Escobar kuuawa mwaka 1994 kufuatia bao alilojifunga kwenye Kombe la Dunia, ulianzishwa mpira wa mitaani wa kuleta amani ambamo bao la kwanza lazima lifungwe na msichana. Wavulana waliokuwa hawawapi wasichana pasi wakalazimika kuwatafuta. Kwetu makocha wanaweza kubuni zao. Kwa mfano bao la mgeni lihesabiwe mara mbili jioni yake ya kwanza, uone kama hatapewa mpira.

Nimeacha jambo zito mwisho. Mwaka 2017 Kwale ilizindua mpango wa kaunti wa kukabiliana na itikadi kali, kwa sababu vijana wa hapa walikuwa wakichukuliwa. Wanaowachukua, wawe wa itikadi, wa unga au wa magenge ya mapanga, nao wanajua kupokea. Wanajua jina la kijana. Wanafika kwao mama yake akiugua. Wanampa la kufanya mapema, tena linaloonekana kubwa. Wanamsikiliza. Kila nilichokisifu hapa juu wanacho, isipokuwa kule kurudishwa nyumbani kabla ya magharibi. Serikali inaweza kuandika mipango, na ni vizuri iandike, lakini kijana aliyesimama nyuma ya goli saa kumi na nusu atakwenda na yule aliyemfikia kwanza.

Kwa hiyo wewe mwenyekiti, wewe katibu, nahodha wa klabu ya Mvindeni, Mwabungo, Gazi au Vanga: Jumamosi hii, kabla ya mazoezi, fungua daftari la mahudhurio la miezi mitatu iliyopita. Tafuta majina yaliyoandikwa mara mbili au tatu kisha yakakoma. Mpigie kila mmoja simu. Usimuulize kwa nini alipotea. Mwambie kuna kazi, unahitaji mtu wa kukusaidia nayo, na utamngoja saa kumi.