Mshabiki kama Mhakiki: Maoni juu ya Kandanda, Besiboli na Mapigano ya Mseto

Hapana taifa lisilo na wahakiki, ila yako mataifa yasiyojua wahakiki wake wanakaa wapi. Sisi tumezoea kuwatafuta katika vyuo vikuu na katika kurasa za vitabu, tukasahau kwamba kila jioni, mabarazani na katika vijiwe vya kahawa, toka Kariakoo hadi Ujiji, watu wasiohesabika huketi kuzihukumu kazi za wenzao: nani alicheza vema, nani alizembea, mwamuzi alitenda haki au alionea. Mazungumzo hayo tunayaita ushabiki, na aghalabu huwa tunalitamka neno hilo kwa dharau. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ushabiki ni uhakiki kamili, unaoweza kuwa mzuri au mbaya kama uhakiki mwingine wowote, na kwamba leo hali yake inatia mashaka.

Kwa kuwa mwandishi mwenyewe ni mshabiki, maoni yatakayotolewa hapa ni ya kishabiki, lakini yatajitahidi kufuatana na sababu zake. Michezo mitatu itatumika kama mifano. Kandanda tumeirithi kwa wakoloni, tukaifanya yetu kabisa. Besiboli ni mchezo wa Wamarekani, ingawa mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, waliufikisha mbali walipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Mapigano ya mseto, ambayo vijana huyaita MMA, ni mageni zaidi, lakini katika miaka ya karibuni mabingwa wake kadhaa wametoka Afrika. Kila mmoja wa michezo hii una somo lake kwa mtu anayetaka kuhukumu.

Tuanze na kandanda. Huu ni mchezo wa mabao machache, na hapo ndipo utamu wake na udanganyifu wake vinapokutana. Timu inaweza kutawala dakika 90, ikafungwa kwa kosa la sekunde moja. Kwa hiyo matokeo na ubora wa mchezo ni mambo mawili, na kazi ya kwanza ya mhakiki ni kuyatenganisha. Mshabiki wetu, pamoja na mapenzi yake makubwa, mara nyingi hushindwa kazi hiyo. Mwulize mpenzi wa Simba habari za mwaka 1977, atakujibu sita bila. Mwulize habari za mwaka 2012, atakujibu tano bila. Mwulize mpenzi wa Yanga habari za Novemba 2023, atakujibu tano kwa moja. Tarakimu zimehifadhiwa kama nasaba za wafalme. Lakini ukiuliza mabao hayo yalipatikanaje, ni kiungo gani aliyefungua njia, ni beki gani aliyeacha pengo, baraza huanza kunyamaza. Tarakimu imekuwa fimbo ya kumchapia jirani, na mchezo wenyewe umesahauliwa.

Mfano ulio bora wa kupima uhakiki wetu ni fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika ya mwaka 2023. Tarehe 28 Mei, Yanga ilifungwa na USM Alger mabao 2 kwa 1 jijini Dar es Salaam. Tarehe 3 Juni ilikwenda Algiers ikashinda bao 1 kwa bila. Jumla ikawa mabao 2 kwa 2, na kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini. Vijiweni zikasikika kauli mbili. Wa kwanza walisema Yanga imeonewa. Wa pili, ambao wengi wao walivaa nyekundu, walisema aliyeshindwa ameshindwa. Kauli zote mbili zina upungufu. Kanuni ilijulikana kabla ya mchezo wa kwanza, basi kombe lilipotelea Dar es Salaam, siku wenyeji waliporuhusu mabao mawili nyumbani kwao. Hayo ni kweli. Hata hivyo kanuni yenyewe ni mbovu, kwa maana inalithamini bao kwa mahali lilipofungwa badala ya kulithamini kwa kuwa ni bao. Shirikisho la Kandanda la Ulaya liliiondoa katika mashindano yake mwaka 2021. Mhakiki mwema huilaumu timu kwa kosa la timu, na kanuni kwa kosa la kanuni, wala hachanganyi mashtaka. Na mpenzi wa Simba aliyecheka mwaka ule alipaswa kukumbuka kwamba fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993 ilikuwa na mkasa wa namna hiyo: Simba ilitoka suluhu kule Abidjan, kisha ikafungwa na Stella mabao 2 kwa bila hapa nyumbani. Jambo linalojirudia kwa watani wawili, kwa miaka 30, linastahili kuchunguzwa: kwa nini tunajihami vema ugenini, tukavunjika mbele ya watu wetu? Swali hilo lina manufaa kuliko nyimbo mia za kejeli.

Besiboli hufundisha jambo jingine, nalo ni kumbukumbu. Mchezo huu hauna saa ya kuumaliza. Kila timu hupewa zamu 9 za kupiga, na zamu haimaliziki mpaka wapigaji watatu watolewe. Kila mpigaji husimama peke yake na gongo lake mbele ya mrushaji, na kila analotenda huandikwa. Kwa hiyo mshabiki wa besiboli huzoea kutazama mambo kwa msimu mzima, na hata kwa maisha mazima ya mchezaji. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alimaliza msimu kwa wastani wa 0.406. Maana yake ni kwamba, katika kila majaribio 10 yaliyohesabiwa, alifaulu manne na kushindwa takriban sita. Na kwa kushindwa huko anatajwa miongoni mwa wapigaji bora waliopata kuishi. Hebu tumlinganishe na mshambuliaji wetu, ambaye akikosa nafasi mbili katika mchezo mmoja, usiku ule ule baraza zima huamua auzwe. Sidhani kwamba Mmarekani ana subira kuliko sisi kwa tabia. Ni kwamba mchezo wake umemfundisha kuhesabu kwa muda mrefu, nasi hatujajifunza bado.

Lakini kumbukumbu nayo huweza kusema uongo. Tarehe 2 Juni 2010 mrushaji wa Detroit, Armando Galarraga, alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Alibakiwa na mmoja ili apate mchezo mkamilifu, jambo lililo nadra mno. Mpigaji wa 27 alitolewa, lakini mwamuzi Jim Joyce akaamua kwamba amefika salama. Baada ya mchezo mwamuzi aliitazama picha, akakiri kosa lake hadharani. Na kesho yake Galarraga alimkabidhi karatasi ya orodha ya wachezaji mbele ya umati, naye mwamuzi akalia. Wakuu wa mchezo walikataa kubadilisha uamuzi. Kwa hiyo daftarini mchezo mkamilifu haumo, ilhali kila aliyeuona anajua kwamba ulichezwa.

Uongo mkubwa zaidi ulikuwa wa rangi. Kwa miongo mingi Wamarekani weusi walizuiwa kucheza katika ligi kuu, wakaanzisha zao. Josh Gibson, mpigaji hodari katika ligi hizo, alifariki Januari 1947, miezi mitatu tu kabla Jackie Robinson hajauvunja ubaguzi huo akiwa na timu ya Brooklyn. Gibson hakupata hata siku moja katika ligi kuu. Ilipofika Mei 2024, takwimu za ligi za weusi za toka 1920 hadi 1948 ziliingizwa katika kumbukumbu rasmi, na wastani wa Gibson wa 0.372 ukaupita ule wa Ty Cobb wa 0.367. Baadhi ya mashabiki walilalamika kwamba michezo iliyochezwa na weusi ilikuwa michache. Ni kweli kwamba ilikuwa michache. Lakini waliolalamika walisahau kuuliza ni nani aliyeifanya iwe michache. Hapa tunapata kanuni ya pili ya uhakiki: kabla ya kuilinganisha rekodi na rekodi, uliza ni nani aliyeruhusiwa kucheza na nani aliyeshika kalamu.

Sasa tuyatazame mapigano ya mseto. Wapo wazee wetu wanaoyaita ushenzi, na hawako peke yao. Mashindano ya kwanza ya kampuni ya UFC yalipofanyika Denver mwaka 1993, yalikuwa na sheria chache sana, na miaka michache baadaye Seneta John McCain aliyafananisha na kupiganisha majogoo. Hata hivyo siku ile ya kwanza mshindi alikuwa Royce Gracie wa Brazili, mtu mwembamba kuliko wapinzani wake, aliyewashinda watatu usiku mmoja kwa ujuzi wa kukaba na kukunja viungo. Tangu hapo zimewekwa raundi za dakika tano, mafungu ya uzito, na orodha ndefu ya makatazo. Wala pwani yetu haikuwa ngeni kwa mapigano yenye sheria. Wacheza kirumbizi wa Lamu na Pemba hupambana kwa fimbo katikati ya ngoma. Watu wa Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, huchapana kwa migomba, kisha hukaa kula pamoja. Kwa hiyo nisingeuhukumu mchezo huu kwa sababu tu una ngumi na mateke.

Lawama yangu ya kwanza ni kwa watazamaji. Wapiganaji wanapoangukia chini na kuanza kutafutana mikono na shingo, umati huzomea, ukidai wasimame warushiane makonde. Umati huo unazomea sehemu yenye akili nyingi kuliko zote katika mchezo. Ni sawa na msikilizaji wa taarabu anayeudhika kila mara fidla inaposikika, kwa kuwa yeye amekuja kusikia ngoma tu.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2021 Waafrika watatu walishika mataji ya UFC kwa wakati mmoja: Kamaru Usman na Israel Adesanya, wazaliwa wa Nigeria, pamoja na Francis Ngannou wa Kameruni, ambaye utotoni alifanya kazi katika machimbo ya mchanga. Tulijivuna nao, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini Januari 2023 Ngannou alipoondoka katika kampuni hiyo akiwa bado bingwa, kwa sababu hawakuafikiana juu ya mkataba, wengi walimwita mwoga au mtovu wa shukrani. Mwaka 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha malipo ya dola milioni 375 kwa wapiganaji wa miaka ya nyuma, waliodai kwamba kampuni ilitumia nguvu zake sokoni kushusha ujira wao. Mshabiki anayehesabu makonde yote ya mtu, asijishughulishe hata mara moja kujua mtu huyo analipwaje kwa mwili wake, hajamaliza kuutazama mchezo. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu: nyuma ya kila mchezo kuna kazi, na nyuma ya kazi kuna ujira.

Nimesema hapo awali kwamba hali ya uhakiki huu inatia mashaka. Kinachoutishia ni mkeka wa kubeti. Kijana aliyeweka shilingi zake juu ya mechi nane za nchi nane hatazami mchezo hata mmoja. Husubiri tarakimu tu. Kwake beki aliyejitolea mwili kuokoa bao dakika ya 90 ni adui, ikiwa bao lile lingemkamilishia mkeka. Huyu amegeuzwa kutoka mhakiki kuwa mnunuzi, na mnunuzi hana haja ya sababu. Baraza la watu wa namna hiyo litakuwa na kelele nyingi, lakini halitakuwa na hoja.

Dawa yake tunayo nyumbani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo lina uzito kuliko tunavyodhani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha uadui wao ukageuka utani. Na utani una sheria. Mtani hukucheka mbele ya watu, lakini ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika, na hushika jembe. Kumtania mtu sharti umjue: ujue asili yake, nguvu zake na udhaifu wake. Matusi hayahitaji ujuzi wowote. Mshabiki akiirudia sheria hiyo, atalazimika kuutazama mchezo wa mtani wake kwa makini kuliko wa timu yake mwenyewe, na atapomcheka atakuwa na la kusema. Walimu wa michezo, watangazaji wa redio na waandishi wa magazeti wana wajibu wa kumsaidia kwa kueleza bao lilivyopatikana kabla ya kutangaza idadi ya mabao. Kikombe cha kahawa kitakuwa kile kile. Mazungumzo ndiyo yatakayokuwa na thamani zaidi.