Imeshuka, Lakini Imerudi? Kukagua Pikapu Iliyokuwa Imenyanyuliwa

Kuishusha pikapu iliyonyanyuliwa ni kazi ya mchana mmoja. Kuirudisha ilivyotoka kiwandani ni kazi nyingine kabisa, na wenye magari wengi hulipia ya pili wakakabidhiwa ya kwanza. Hapa nazungumzia Toyota Hilux, hasa ile ya kuanzia 2005 hadi 2015 ambayo watu huiita Vigo. Mbele ina springi za koili zilizovishwa kwenye shokapu. Nyuma ina springi za vipande vya chuma vilivyopangwa, zimekaa juu ya ekseli. Aliyeinyanyua hakugusa springi tu. Aliongeza vipande vya kuinulia, akaishusha difu ya mbele kidogo, akarefusha paipu za breki, pengine akabadilisha na shokapu. Fundi anayeirudisha ana deni la kuondoa kila kimoja, na ubora wa kazi yake utauona kwa yale ambayo hayapo tena.

Anza na futi kamba. Usipime kutoka ardhini hadi kwenye bodi, kwa sababu tairi na upepo wake vitakudanganya. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi juu yake, kona zote nne, gari likiwa kwenye sakafu bapa. Kabla ya hapo lisukume mbele na nyuma hatua chache. Gari likitoka kwenye jeki, tairi huwa zimeng'ang'ania sakafu na kuliweka juu kuliko kimo chake, kwa hiyo vipimo vya papo hapo havina maana. Kulia na kushoto vikitofautiana kwa sentimita moja, sina neno. Vikizidi hapo, naomba maelezo.

Halafu rudi nyuma ulitazame kwa ubavu. Hilux tupu iliyo kwenye kimo chake huinua tako. Wenye magari waliozoea kuliona limekaa sawasawa hulalamika kwamba fundi amekosea, na fundi mwoga huongeza kitu mbele ili wanyamaze. Gari hilo liliundwa kubeba karibu tani moja nyuma. Likiwa halina kitu na bado limelala sawa, ama springi za nyuma zimechoka, ama mbele bado kuna kitu.

Sasa ingia chini. Nyuma, kitu cha kwanza kutazama ni yubolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli. Aliyenyanyua gari kwa kuweka tofali la chuma kati ya springi na ekseli alihitaji yubolti ndefu. Tofali likiondolewa, ndefu zile hazina kazi tena, ila fundi bahili huzirudishia, akajaza wosha mpaka nyuzi zifike, au akaacha ncha zinaning'inia kama masikio. Yubolti iliyokwisha kukazwa imekwisha kuvutika. Hata ile ya urefu sahihi mimi hutaka mpya. Ukiona nyuzi chache tu zimetokeza chini ya nati, na chuma ni kipya, huyo fundi amekwenda dukani. Kisha hakikisha kichwa cha senta bolti kimezama kwenye tundu lake juu ya ekseli. Kikikaa pembeni ya tundu, ekseli huhama na gari hutembea limepinda. Pima kutoka kwenye ekseli hadi jicho la mbele la springi, pande zote mbili, utapata jibu.

Hesabu na vipande vya springi. Kipande cha nyongeza hujulikana kwa rangi yake mpya na mpindo mkali kuliko wenzake. Kilicho kibaya zaidi ni springi iliyochomwa kwa gesi ili ilale. Chuma cha springi kilipata nguvu yake kwa joto lililopimwa. Ukikibabua kwa moto wa gereji, umekitoa nguvu hiyo na hutairudisha kwa nyundo. Tafuta sehemu zenye wekundu wa kutu mpya, rangi ya buluu au makovu ya kugongwa. Springi ya mtumba kutoka kwenye gari la kawaida ni bora mara kumi.

Lakini panapomtenganisha fundi na fundi ni kwenye bushi. Bushi ya mkono wa mbele ni mpira ulioshikamana na bomba mbili za chuma, moja ndani, moja nje. Bolti ikikazwa, bomba la ndani halizunguki tena, na kila mkono unapopanda au kushuka ni mpira unaojinyonga. Ukikaza bolti hiyo gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo pa kupumzikia. Gari likishuka, mpira unakaa umenyongwa usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa. Haupiti muda, nyufa nyembamba za duara hujitokeza kandokando ya bomba la ndani, kisha mlio wa mbao kavu kila tuta. Kazi nzuri ni kuzifunga kwa mkono kwanza, kulishusha gari likanyage kwa miguu yake juu ya shimo, kisha kuzikaza kwa spana ya toki. Kama kazi imekwisha fanyika na una shaka, mwambie fundi, kwa heshima, alegeze bolti ya mkono wa juu gari likiwa chini. Mkono ukishtuka, ulikazwa hewani. Zile za chini zenye alama za kuzungusha usiziguse, maana zimebeba alaimenti.

Mbele pia angalia kichwa cha shokapu pasiwe na kipande cha kuinulia, na vishikizo vya difu pasiwe na bomba za kuishushia. Shokapu ndefu zilizoachwa chini ya springi fupi hufika mwisho wake kabla ya gari kugonga raba ya kuzuia, na hapo huvunjika ndani bila kelele.

Kuna kifaa kimoja ambacho wengi hawakijui: vali ya kugawa breki, yenye fimbo inayoifunga kwenye ekseli ya nyuma. Mzigo ukiongezeka, bodi huikaribia ekseli, fimbo hupanda, nayo vali hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Aliyenyanyua gari huenda aliinua kishikizo cha fimbo ili vali isidhani gari ni tupu siku zote. Gari likirudi chini na kishikizo kikabaki, vali hudhani gari limejaa siku zote. Siku ya mvua, gari tupu, breki ya ghafla: magurudumu ya nyuma yatafunga na tako litatangulia.

Karatasi ya alaimenti idai yenye vipimo vya kabla na baada. Taa nazo zielekezwe upya. Ni kazi ya dakika chache na husahauliwa kila mara.

Mwisho ni tairi, na hapa mwenye gari ndiye mkaidi kuliko fundi. Saizi mojawapo ya Vigo ni 265/65R17, yenye kipenyo cha milimita 776 hivi. Tairi za inchi 33 zina 838. Kwenye kimo cha kiwandani zitakwaruza madigadi ukikata kona mpaka mwisho, na ukiona plastiki ya ndani imekatwa kwa kisu, ujue zilikaa hapo muda mrefu. Tena zinaongeza asilimia 8 kwenye kila mzunguko. Kwa hesabu ya tairi peke yake, spidi mita ikisema 50 kijijini, trafiki mwenye tochi anasoma 54.