Sahdji: baleti ya Wazande iliyotungwa Marekani

Hapa Likasi, mtu akisema «baleti», wote wanajua anasema nini: kundi la vijana waliovaa nyuzi za rafia na kujipaka chokaa, wanaokuja kumpokea mkubwa ao kuchangamsha sikukuu ya parokia. Kule Ulaya na Marekani neno lilelile ni jambo lingine. Ni hadithi nzima inayosemwa kwa miguu na mikono, ndani ya nyumba kubwa, na chini ya jukwaa wamekaa watu hamsini ao sitini wenyi violini na tarumbeta, wanaosoma noti. Neno «orkestri» nalo linatudanganya vilevile, maana kwetu orkestri ni gitari na sebene. Sherti tutenge maneno haya mawili mbele ya kuanza, kwani tunataka kusema juu ya baleti moja ambayo wachache kati yetu wamepata kusikia jina lake, na kumbe inahadithia watu wa nchi yetu wenyewe.

Jina lake ni Sahdji. Muziki wake uliandikwa na William Grant Still, Mmarekani mweusi aliyezaliwa katika jimbo la Mississippi mwaka 1895. Hadithi ilitoka kwa Richard Bruce Nugent na mwalimu Alain Locke, nao pia weusi. Baleti ilichezwa mara ya kwanza tarehe 22 Mei 1931 katika mji wa Rochester, jimbo la New York, kwa nguvu za Howard Hanson, mkubwa wa chuo cha muziki cha kule. Mwaka uleule na katika mji uleule Hanson aliongoza simfonia ya kwanza ya Still, simfonia ambayo Wamarekani weusi wanaikumbuka mpaka leo, kwani mbele yake hakuna orkestri kubwa iliyokubali kupiga simfonia ya mtu wa rangi yao.

Hadithi yenyewe ni fupi. Konombju, mkubwa wa wawindaji Wazande, anakwenda porini. Nyuma yake, Sahdji, mke anayependwa kuliko wote, yuko katika mapendo ya siri na Mrabo, mrithi wa mume wake. Windo linageuka msiba, na mkubwa anarudishwa maiti. Ndipo inatokea desturi, ndivyo hadithi inavyosema, inayotaka mke amfuate bwana wake kaburini. Mrabo hamsaidii. Sahdji anacheza mara ya mwisho, na anajiua kwa kisu.

Wamoja watauliza: mseminari ana faida gani na habari za mke mzinzi anayejiua? Tunajibu kwa ufupi. Kitabu cha Samweli kinatuhadithia Daudi na Batsheba, na Saulo aliyeuangukia upanga wake mwenyewe, wala hakuna aliyekiondoa katika seminari. Shauri letu hapa si dhambi ya Sahdji. Shauri letu ni hili: je, ngoma ile ni ya kweli?

Sherti tukiri jambo moja. Michezo yenyewe hatukuiona kwa macho. Tuliisikiliza tu, katika diski ambayo Hanson aliipiga pamoja na orkestri yake ya Rochester na kwaya ya chuo cha Morgan State, chuo cha weusi katika mji wa Baltimore. Tulikaa watu sita katika chumba kimoja cha Kikula, jioni, kati yetu kijana mmoja anayepiga ngoma katika Misa ya pili. Noti hazijui, lakini mikono yake inajua. Tulimwambia hadithi mbele, kisha tukanyamaza.

Jambo lililotushika kwanza ni sauti ya mwimbaji mmoja, sauti nzito ya chini. Yeye hayumo katika hadithi. Amesimama pembeni, na kila mara hadithi inapogeuka anatoa mezali za Afrika, moja baada ya moja, kama mzee aliyekaa chini ya mti wakati shauri linakatwa. Hapo tulitazamana. Mtu aliyezaliwa Mississippi, ambaye mababu zake walitolewa Afrika zamani hata kabila lao halijulikani tena, alifahamu kwamba kwetu msiba hausemwi uchi: sherti mezali itangulie, iufunike, kisha iufunue. Hakuna mtunzi wa Ulaya wa wakati ule, kadiri tunavyowajua, aliyefikiri kumpa mezali kazi ya namna hii katika baleti. Kwa pahali hapa peke yake Sahdji inastahili kusikilizwa katika kila seminari ya Kongo.

Jambo la pili ni kwaya. Wakati maiti inapoletwa, watu wengi wanalia pamoja, na orkestri inashuka chini ya sauti zao kama ardhi. Wasomaji wa Katanga watakumbuka mara moja Kyrie ya Missa Luba, ile ambayo vijana wa Kamina waliimba mwaka 1958 pamoja na Padri Guido Haazen, Mfransisko. Kyrie ile ilitoka katika kasala, wimbo wa kilio wa Baluba. Tofauti ni kubwa. Kilio cha Kamina kilizaliwa mdomoni: vijana walikiimba, wakakigeuza, wakakiimba tena, na karatasi ilikuja nyuma. Kilio cha Still kilizaliwa kwenye meza, kwa kalamu, katika nchi ambapo hapakuwa Mzande hata mmoja wa kumsahihisha. Na hata hivyo, tukisikiliza bila hila, kilio kile ni kilio.

Lakini Wazande wako wapi? Hapa sifa zetu zinasimama. Wazande si watu wa masimulizi. Ni ndugu zetu wa Uele, kule Dungu, Ango na Bondo, zaidi ya kilometa 1500 kutoka Likasi, na wengine wao wako Sudani ya Kusini na Afrika ya Kati. Ni walimaji wa ulezi, waliotawaliwa na jamaa ya Avongara. Wana kinubi chao, kundi, ambacho mwimbaji anakipiga huku anasema habari za dunia. Wana manza, iliyo ndugu ya madimba yetu, na gugu, ngoma kubwa ya mti inayotoa habari mbali, sawasawa na kyondo ya Baluba. Wana hadithi za Ture, mwenyi hila na uchekesho. Katika Sahdji hatukusikia kundi, hatukusikia manza, na Ture hakupita hata mlangoni. Tumesikia «Afrika», ile Afrika moja isiyo na mto wala kilima, ambapo jina la kabila limewekwa kama chumvi. Ukiondoa neno Wazande na kuweka Walunda, hakuna noti hata moja itakayobadilika. Hilo ni kosa.

Na hata desturi ya mjane imewekwa ili watazamaji watetemeke. Hakuna mahali muziki unapouliza kama mwanamke yule alikuwa na mama, ao kama mama yule angesimama kimya.

Tusimhukumu Still bila kukumbuka mwaka. Katika 1931, katika majumba mengi ya michezo ya Marekani, mtu mweusi alionyeshwa kwa kazi ya kuchekesha. Still alimpa jambo ambalo Wagiriki waliwapa wafalme wao: kifo chenyi heshima, na kwaya ya kukililia. Kwa wasikilizaji wa Rochester lilikuwa tendo la ujasiri. Makosa yake ni makosa ya mjukuu anayechora uso wa babu asiyemwona, na sisi tulio na babu mbele yetu, mara nyingi hatumchori hata kidogo.

Sasa tuje kwa kijana wetu wa ngoma. Alisikiliza muda mrefu, vidole vyake vikitembea juu ya meza. Kisha akasema: «Huyu mpigaji haangalii mtu.»

Tulimwomba aeleze. Akasema kwamba mpigaji wa kwetu anatazama mguu wa mchezaji, na mguu wa mchezaji unasikiliza mkono wa mpigaji. Mchezaji akichoka, ngoma inampunguzia, akiwaka, inamtukuza, akikosea, inafunika kosa lake. Lakini mpigaji wa diski anapiga kile kilichoandikwa, mchezaji awe amefika ao hajafika.

Kijana amesema kweli, ila nusu yake. Diski haiwezi kumwangalia mtu, na hiyo si hatia ya Still. Baleti hii iliandikwa kwa orkestri ya watu wazima. Katika nyumba ya baleti mwongoza orkestri anasimama pahali anapoona jukwaa. Mchezaji akikawia hewani, yeye anazuia fimbo yake kidogo, na violini zote zinangoja. Ndiyo sababu nyumba kubwa za baleti zinakubali gharama ya kulipa watu hamsini jioni kwa jioni, wakati mashini ingefanya kelele ileile kwa senti chache. Wanalipa juu ya kule kungoja.

Na sisi? Katika parokia moja, ambayo jina lake tunaliacha, wamenunua kinanda cha umeme chenyi ngoma ndani. Unabonyeza, kinapiga peke yake. Wapigaji watatu waliambiwa wapumzike. Siku ya sikukuu, watoto wa kike walileta matoleo wakicheza, na mashini ilikuwa mbio kupita miguu yao. Walipofika katikati ya kanisa, umeme ukakatika. Watoto wakasimama, mguu mmoja mbele, vikapu kichwani, wakitutazama. Muda ule ulikuwa mrefu sana. Kisha mama mmoja mzee, nyuma kabisa, akaanza wimbo kwa sauti iliyopasuka, akapiga makofi polepole, kwa mwendo wa watoto. Wakafika altareni. Tunajua kwamba tangu 1988, Roma ilipokubali Misa kwa kawaida ya Zaire, kucheza kumepewa mahali pake katika ibada yetu. Lakini kucheza pamoja na kitu kisichokuona, kwa macho yetu, ni kuwafanya watoto wale watumishi wa mashini.

Turudi Marekani. Muziki mwingine wa baleti za kule unaendelea kupata miguu mipya. Aaron Copland, mwana wa Wayahudi wa Brooklyn, alimwandikia Martha Graham Appalachian Spring, iliyochezwa mara ya kwanza tarehe 30 Oktoba 1944 kwa vyombo 13 tu, kwani ukumbi ulikuwa mdogo. Ndani yake mna bibi arusi, bwana arusi, na mhubiri mmoja mkali anayefuatwa na wanawake wanne (mapadri wenzetu wangefaa kumtazama). Mna pia wimbo wa Shaker, wakristu waliokuwa wakisali kwa kucheza. Basi tarehe 26 Januari 2023, Justin Peck wa New York City Ballet alichukua muziki huo pamoja na kazi nyingine za Copland, akaondoa arusi, akaondoa mhubiri, akaweka vijana 30 wanaocheza bila hadithi, na orkestri nzima ikipiga pale pale. Wamoja walisifu, wamoja walimlilia mhubiri. Sisi tungemlilia. Lakini muziki uko hai, kwani kila kizazi kinaugombania. Sahdji haikupata ugomvi kama huo. Baada ya Rochester imechezwa mara chache tu.

Nani ataigombania, kama si sisi? Mfano uko. Mwaka 1923 Waswidi wa Rolf de Maré walicheza Paris baleti ya Darius Milhaud juu ya kuumbwa kwa dunia, «baleti ya Kiafrika» isiyo na Mwafrika. Mwaka 2012 Faustin Linyekula, Mkongomani wa Kisangani, aliichukua ile kazi pamoja na wachezaji wa baleti ya Lorraine, Ufaransa. Hakuichoma moto. Aliionyesha jinsi ilivyokuwa, kisha akaijibu mbele ya watazamaji walewale. Tunaona ni njia ya heshima: kumwacha mzee amalize maneno yake, halafu kusimama.

Kwa Sahdji vitu vyote viko. Kinshasa kuna orkestri ya Wakimbangisti, iliyoanzishwa mwaka 1994, ambayo imekwisha kupiga simfonia ya tisa ya Beethoven na watu wazima na kwaya. Haitashindwa na Still. Uele kuna mafundi wa kundi. Kazi ya mwimbaji wa mezali tungempa Mzande, aimbe kwa Pazande, na pale mezali ya kitabu inapokosa ladha, aibadilishe kwa ile aliyoipokea nyumbani. Na kabla ya kisu, tungengoja kidogo, orkestri inyamaze, ili mama ya Sahdji alie peke yake kwa kinubi. Mafundi wa noti watakasirika. Wakasirike.

Kijana wetu alikuja tena Jumapili ya nyuma, baada ya Misa, bila kuitwa. Alitaka kusikiliza fungu la kilio peke yake, si yote. Alikuwa ameleta ngoma yake ndogo. Tukafungua diski, naye akapiga chini yake, polepole, akiitafuta kwaya, na mara mbili akaipata.