Arakimentari: Filamu Iliyosikiliza Upande Mmoja

Arakimentari ni filamu ya habari za kweli iliyoongozwa na Mmarekani Travis Klose na kutoka mwaka 2004. Inamhusu Nobuyoshi Araki, mpiga picha wa Tokyo aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye ametoa mamia ya vitabu. Nyingi katika picha zilizompa umaarufu ni za wanawake walio uchi, baadhi yao wamefungwa kamba. Hata nchini kwake Japani, kazi zake zimewahi kumgonganisha na vyombo vya dola.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: filamu ya namna hii ina nini cha kujadiliwa katika kurasa za fiqhi? Hukumu ya kutazama uchi inajulikana, na hatumwiti mtu akaitazame. Lakini yamo masuala mawili yasiyomalizika kwa kusema tu "ni haramu": ushahidi, na haki ya mwenye kutumikishwa.

Ama ushahidi, Klose anatuonyesha mtu mcheshi, asiyetulia, ambaye kamera haimtoki mkononi. Kisha wanaletwa wa kumzungumzia: mwimbaji Björk, mwigizaji Takeshi Kitano, mpiga picha Daido Moriyama. Hao ni watu mashuhuri, nao wanamsifu. Wanawake waliomo katika picha tunawaona kuliko tunavyowasikia. Wanavyuoni wanamkataza kadhi kukata shauri baada ya kumsikiliza mdai bila ya mdaiwa, hata kama mzungumzaji ni fasaha. Filamu si mahakama, lakini nayo inamwachia mtazamaji hukumu moyoni.

Upande wa pili ulisikika Aprili 2018. Mcheza dansi aliyepigwa picha na Araki kuanzia mwaka 2001 hadi 2016 alijitokeza akaeleza kwamba hapakuwa na mkataba, kwamba picha zake zilichapishwa na kutumiwa bila ya yeye kuulizwa, na kwamba alipigwa picha za utupu mbele ya watu asiowajua. Hayo ni maelezo yake, wala sisi hatukai kitini pa kadhi. Lakini zitazame tarehe: filamu ilipotoka, kazi hiyo ilikuwa tayari ina miaka mitatu.

Ama haki, katika mlango wa ijara sharti kazi ijulikane na ujira ujulikane, ili mmoja asimle mwenziwe kwa kutojua kwake. Vilevile, aliyeridhia jambo moja leo hahesabiwi kuwa ameridhia kila litakalofuata. Aliyekubali kupigwa picha hajakubali kwa hilo pekee kwamba sura yake iuzwe miaka na miaka.

Atasema msemaji: kazi yenyewe ni haramu, hivyo mkataba wake ni batili, na mwanamke huyo hana cha kudai. Hili ni kosa. Ubatili wa mkataba haumpi mtu ruhusa ya kudhulumu. Dhulma haigeuki kuwa halali kwa sababu imetendeka mahali pa maasi, na haki ya mja haifutwi na dhambi ya mja.

Basi filamu hii imepigwa kwa ustadi, lakini ilimfikia mpiga picha na wanaomsifu, ikawaacha waliopigwa. Na anayeikemea kwa sababu ya uchi tu, akanyamazia dhulma, naye amewaacha pale pale.

Wallahu a'lam.